Santuri za kupakwa rangi kwa mkono: Muziki wa vijana wa mitaa ya Lisbon wageuka kitu adimu

Jijini Lisbon, Ureno, kuna santuri ambazo mtu hawezi kupata mbili zinazofanana. Muziki uliomo ni ule ule na mtambo ulioichapa sahani ni mmoja, lakini jalada la kila nakala limepakwa rangi kwa mkono wa binadamu, na mkono haujui kurudia jambo lile lile bila kupotoka.

Santuri hizo hutolewa na kampuni ndogo ya kurekodi muziki iitwayo Príncipe, iliyoanza kazi mwaka wa 2011. Majalada ni kazi ya msanii Márcio Matos, mmoja wa waanzilishi wake. Wanamuziki wenyewe ni vijana ambao wengi wao wana asili ya Angola, Cape Verde, Guinea-Bissau na São Tomé na Príncipe, waliolelewa katika mitaa iliyo pembezoni mwa jiji hilo.

Kila toleo huwa la nakala chache. Zikiisha madukani, mashabiki huanza kuzisaka kwa wenzao na bei hupanda. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wapenzi wa muziki wa Afrika hawawezi kulikwepa: muziki uliozaliwa bure, ukapitishwa kutoka simu moja hadi nyingine, unapogeuka kitu adimu cha kuhifadhiwa kabatini, ni nani anayefaidika?

Jibu linahitaji historia kidogo, nayo historia hiyo inaanzia Luanda.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, Angola ilikuwa vitani. Mapigano ya wenyewe kwa wenyewe, yaliyoshika kasi baada ya uhuru wa Novemba 11, 1975, hayakukoma hadi 2002. Luanda ilifurika watu waliokimbia mashambani, umeme ulikuwa wa kubahatisha, na ala za muziki zilikuwa ghali mno kwa kijana wa kawaida.

Katika hali hiyo, vijana walichukua muziki wa dansi wa kielektroniki kutoka Ulaya na Marekani, wakauchanganya na midundo ya kwao, ikiwemo semba na ngoma za kanivali. Kompyuta ikawa bendi nzima. Mtindo uliotokea uliitwa kuduro, neno litokanalo na Kireno lenye maana ya makalio yaliyokakamaa.

Tony Amado, ambaye hutajwa mara nyingi kuwa mwasisi wa mtindo huo, amesimulia kwamba mwendo wa kuucheza aliupata kwa mwigizaji Jean-Claude Van Damme, katika filamu ya Kickboxer ya mwaka wa 1989, pale shujaa anapocheza densi akiwa amelewa. Wageni hupenda kudhani kwamba kila ngoma ya Mwafrika imetoka katika matambiko ya mababu. Hii ilitoka kwenye filamu ya ngumi na mateke.

Kuduro ilivuka bahari pamoja na watu wake. Mapinduzi ya Aprili 25, 1974 yalikuwa yameuangusha utawala wa kidikteta nchini Ureno, na kufikia mwisho wa 1975 makoloni yake yote ya bara la Afrika na visiwa vyake yalikuwa huru. Maelfu ya watu walihamia Lisbon, wengine wakikimbia vita, wengine wakifuata kazi za ujenzi na za usafi.

Hata hivyo, sheria hazikuwapokea kwa mikono miwili. Sheria ya mwaka wa 1975 iliwaondolea uraia wa Ureno wengi wa waliozaliwa katika makoloni, na ile ya 1981 ikaweka wazi kwamba kuzaliwa katika ardhi ya Ureno pekee hakumpi mtoto wa mgeni uraia. Ndivyo walivyopatikana watoto waliozaliwa Lisbon, wakasoma Lisbon na kuota ndoto zao kwa Kireno cha Lisbon, ilhali karatasi za serikali zikiwaita wageni. Masharti hayo yalilegezwa mwaka wa 2006.

Makazi nayo yalikuwa mtihani. Familia nyingi ziliishi katika vibanda vilivyojengwa bila kibali kandokando ya jiji. Mwaka wa 1993 serikali ilianzisha mpango maalumu wa kuvibomoa na kuwahamishia wakazi wake katika majengo ya ghorofa, Lisbon na Porto. Baadhi ya mitaa iliyotokana na juhudi hizo iko mbali na katikati ya jiji. Mmojawapo ni Quinta do Mocho, ulio Sacavém, kaskazini mashariki mwa Lisbon, ambao tangu mwaka wa 2014 umejulikana kwa michoro mikubwa iliyopamba kuta za majengo yake.

Ni katika vyumba vya kulala vya nyumba kama hizo ambako kizazi cha pili kiliigeuza kuduro kuwa kitu kingine. Waliondoa maneno, wakabakiza midundo. Ngoma zikaongezwa juu ya ngoma, nyingine zikitangulia na nyingine zikichelewa kwa makusudi, kasi ikikaribia mapigo 140 kwa dakika. Muziki huo huitwa batida, yaani mdundo. Upo pia mtindo wa taratibu uitwao tarraxinha, unaochezwa na wawili walioshikana.

Zana zao zilikuwa kompyuta ya nyumbani na programu ya FruityLoops, ambayo nakala zake zilisambaa kirahisi miongoni mwa vijana. Nyimbo zilichezwa katika sherehe za ubatizo, siku za kuzaliwa na karamu za uani. Kijana aliyetunga mdundo mpya Jumamosi asubuhi aliweza kuupima usiku ule ule kwa kuitazama miguu ya majirani zake, na hakuna mhakiki mkali kuliko huyo.

Mwaka wa 2006 vijana sita, miongoni mwao DJ Marfox, DJ Nervoso na DJ N.K., walikusanya kazi zao chini ya jina DJs do Guetto na kuziweka kwenye intaneti zichukuliwe bure. Marfox, ambaye asili ya wazazi wake ni São Tomé na Príncipe, alikuwa ameunda jina lake kwa kuliunganisha lile la kuzaliwa, Marlon, na mchezo wa video wa Star Fox. Mkusanyiko huo ulienea hivi kwamba baadhi ya waliomfuata walichukua neno Fox kwa heshima yake. Ndiyo maana orodha ya wanamuziki wa Lisbon imejaa majina kama Dadifox na Liofox.

Mwaka huo huo kundi la Buraka Som Sistema liliundwa jijini humo na baadaye likaipeleka kuduro katika majukwaa makubwa ya Ulaya, hasa baada ya albamu yake Black Diamond ya 2008. Lakini sifa hizo hazikufika Quinta do Mocho. Watungaji wa vyumbani walibaki kujulikana na watu wa mtaani kwao tu, na faili zao zilizunguka zikiwa na majina yaliyokosewa au bila jina lolote.

Hapa ndipo Príncipe ilipoingia. Waanzilishi wake walitoka katika mazingira mengine kabisa: duka la santuri la Flur na shirika la kuandaa maonyesho ya muziki la Filho Único. Toleo la kwanza, la mwaka wa 2011, lilikuwa la Marfox na liliitwa Eu Sei Quem Sou, yaani Najua Mimi ni Nani. Kwa kijana aliyelelewa katika nchi ambayo sheria zake zilibishana kuhusu wenzake ni raia au wageni, jina hilo halikuhitaji ufafanuzi.

Kuanzia 2012 kampuni hiyo iliandaa usiku wa kila mwezi katika klabu ya Musicbox, eneo la Cais do Sodré lililo katikati ya jiji, ambako wanamuziki hao walipanda jukwaani wakiwa wenye shughuli.

Lakini kwa nini santuri, katika zama ambapo faili hutumwa kwa kubofya tu? Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Ili kutengeneza santuri, sauti huchongwa kwa sindano kama mfereji mwembamba kwenye sahani laini iliyopakwa laka. Sahani hiyo hufunikwa kwa tabaka la fedha, kisha nikeli, na tabaka hilo likibanduliwa huzaa mhuri wa chuma wenye matuta mahali pa mifereji. Kiwandani, donge la plastiki lililopashwa moto huwekwa kati ya mihuri miwili pamoja na karatasi za katikati, likakandamizwa kwa nguvu, likapozwa kwa maji na kukatwa kingo.

Sahani ya inchi 12 inayozunguka mara 45 kwa dakika ina nafasi ya mifereji mipana, nao mfereji mpana hubeba besi nzito. Hiyo ndiyo sahani ambayo madisko yamekuwa yakiitegemea tangu miaka ya 1970. Kwa muziki ambao ni ngoma tupu, tofauti hiyo husikika kifuani kabla ya kufika masikioni.

Sababu ya pili ni ya kijamii, na huenda ndiyo nzito zaidi. Faili haina mwenyewe anayeonekana. Santuri ina jina la mtungaji lililochapwa, ina mwaka, ina nambari ya toleo. Inawekwa dukani, inaandikwa magazetini na kuhifadhiwa katika maktaba. Kwa mtungaji ambaye kazi zake zilikuwa zikichezwa na wengine bila kutajwa, sahani hiyo ni cheti cha kuzaliwa cha wimbo wake.

Tatizo ni gharama. Sehemu kubwa ya fedha hutumika kabla ya santuri ya kwanza kutoka: kuchonga, kutengeneza mihuri, kupanga mtambo. Gharama hizo hazipungui hata nakala zikiwa chache, na viwanda vingi havipokei maagizo ya chini ya nakala 100, 200 au 300. Jalada la rangi nalo linahitaji mashine kubwa ya uchapaji, ambayo haina maana kuiwasha kwa nakala chache.

Jalada tupu la karatasi ngumu, kwa upande mwingine, ni rahisi. Ukiwa na mchoraji aliye radhi kuketi na rundo lake, rangi na mhuri, umeipuka gharama ya uchapaji na umepata kitu ambacho kampuni kubwa haiwezi kukitoa. Upakaji rangi kwa mkono, ambao leo husifiwa kama anasa, ni njia ya mwenye mfuko mwembamba.

Majalada ya Matos hayana picha za wanamuziki wala minazi na machweo ya jua, vitu ambavyo muziki wa Afrika umekuwa ukifungiwa ndani yake kwa miaka mingi. Ni rangi na maumbo, yakirudiwa nakala baada ya nakala kwa tofauti ndogondogo. Santuri mbili za toleo moja hufanana kama ndugu, si kama pacha. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Muziki wenyewe hujengwa kwa mdundo unaorudiwa na kupotoshwa kidogo kila unaporudi, na jalada hufanya hivyo hivyo kwa macho.

Matokeo yake yalionekana haraka. Mwaka wa 2015 kampuni ya Warp ya Uingereza, mojawapo ya zile zenye heshima kubwa katika muziki wa kielektroniki, ilitoa matoleo matatu ya Cargaa yenye kazi za vijana hao. Mwaka huo huo DJ Firmeza alitoa Alma do Meu Pai, yaani Roho ya Baba Yangu, kwa kumbukumbu ya babake aliyefariki.

Nídia, aliyekulia Vale da Amoreira, ng'ambo ya mto Tagus, na kuhamia Bordeaux nchini Ufaransa akiwa kijana, alitoa albamu yake ya kwanza kupitia Príncipe mwaka wa 2017. Mwaka huo alishiriki pia kuutayarisha mmoja wa nyimbo za albamu Plunge ya mwanamuziki wa Uswidi, Fever Ray. Si safari ndogo kwa msichana aliyeanza kwa kompyuta chumbani.

Pamoja na mafanikio hayo, uadimu una upande wake wa pili. Toleo likiisha, nakala huuzwa tena katika masoko ya mitandaoni kwa bei ya juu kuliko ile ya dukani. Fedha hizo za ziada haziendi kwa mtungaji. Kwa mujibu wa sheria za hakimiliki za nchi nyingi, haki ya kudhibiti uuzaji wa nakala halali huisha pindi inapouzwa mara ya kwanza. Baada ya hapo sahani ni mali ya aliyeinunua, kama kiti au baiskeli.

Cha kushangaza ni kwamba sheria za Ulaya zimemfikiria mchoraji lakini hazikumfikiria mwanamuziki. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka wa 2001 linampa msanii wa sanaa za kuonekana fungu la bei kazi yake halisi inapouzwa tena kupitia wafanyabiashara wa sanaa, kwa kawaida asilimia 4 ya sehemu ya bei isiyozidi euro 50,000. Lakini kila nchi huweka kima cha chini cha bei kinachohusika, nacho kinaweza kufika euro 3,000. Santuri, hata ikilanguliwa namna gani, haikaribii huko, na wauzaji wenyewe mara nyingi ni watu binafsi. Kwa hiyo aliyepaka rangi na aliyetunga ngoma hujikuta pamoja, wote wakiambulia patupu, huku mlanguzi akihesabu faida.

Wakenya hawana haja ya kwenda mbali ili kulielewa jambo hili. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri tangu miaka ya 1950, na sahani ndogo za benga na rumba ziliuzwa kwa wingi katika miaka ya 1970, nyingi zikiwa ndani ya mifuko ya karatasi yenye nembo ya kampuni tu. Hakuna aliyezipaka rangi. Muda ulipopita, kanda na baadaye CD zikazifukuza sokoni, na nyingi zikaishia kwenye magunia na darini.

Wakusanyaji kutoka Ulaya na Marekani walipoanza kuzitafuta, wapo waliozinunua kwa shilingi chache na kuziuza kwao kwa dola nyingi. Hata sasa, anayepita katika vibanda vya Soko la Kenyatta jijini Nairobi anaweza kuzikuta santuri kuukuu zikisubiri mwenye jicho. Uadimu wa Nairobi ulikuja kwa kusahauliwa, ule wa Lisbon ulipangwa tangu mwanzo. Kwa mfuko wa mtungaji, tofauti si kubwa kama inavyodhaniwa. Kenya iliporekebisha Sheria ya Hakimiliki mwaka wa 2019, iliingiza haki ya kufaidi mauzo ya marudio, lakini nayo iliwalenga wasanii wa sanaa za kuonekana.

Singeli ya Dar es Salaam imepita njia inayokaribiana na ya batida. Muziki huo wa kasi inayozidi mapigo 200 kwa dakika, uliozaliwa katika vigodoro vya uswahilini, ulifika Ulaya hasa kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliyotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka wa 2017 kutoka studio ya Sisso iliyoko Mburahati. Huko pia mtungaji alianza kwa faili za bure na kupata jina nje kupitia matoleo ya kampuni ndogo.

Ni haki kusema kwamba Príncipe haikuufungia muziki ndani ya sahani. Kazi zake nyingi huuzwa pia kama faili, kwa bei ambayo kijana wa mtaani anaweza kuimudu, na kilicho adimu ni jalada, si ngoma. Anayelipa bei ya mlanguzi ananunua rangi na karatasi. Sauti angeweza kuipata kwa bei ya soda mbili.

Riziki ya mtungaji, basi, hutoka kwingine: malipo ya maonyesho, mauzo ya kwanza, na mirabaha inayokusanywa na vyama kama Sociedade Portuguesa de Autores, kilichoanzishwa Lisbon mwaka wa 1925. Mirabaha hiyo hailipwi kwa wimbo usiojulikana ni wa nani. Jina lililochapwa katikati ya sahani lina thamani hapo, kuliko rangi iliyo juu ya jalada.

Mwaka wa 2013, wakati majalada yaliyopakwa rangi yalikuwa yameanza kusakwa na wakusanyaji, Príncipe iliutoa upya ule mkusanyiko wa DJs do Guetto wa 2006. Haikuuwekea bei. Iliurudisha kwenye intaneti, upakuliwe bure kama mwanzo.